Chupa Zenye Jina Langu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu Ruti anajua, wanakwaya wenzangu wanajua, na mbuzi wangu wanajua. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba anakuja mkaguzi kutoka Dodoma kukagua chupa zangu za maji, nilianza kukasirika siku tatu kabla hajafika, ili siku yenyewe isinikute sijajiandaa.

Naitwa Boazi Nzunda, mkulima wa kahawa huku juu ya Ihanda, na kwa miaka mitano nimekuwa mchukua sampuli wa kijito chetu cha Mkwenzi. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Mara mbili kwa mwezi zinajazwa chupa mbili. Moja inajazwa juu ya mtambo wa kumenyea kahawa wa chama chetu, nyingine chini yake, penye nguzo ya zege iliyopakwa rangi ya njano. Kwenye kila chupa naandika tarehe, saa, mahali na jina la mchukuaji. Kisha zinawekwa kwenye deli la barafu, bodaboda anazipeleka Vwawa, na kutoka hapo zinakwenda kupimwa. Chupa ya juu inasema kijito kilivyoumbwa. Ya chini inasema sisi tumekifanya nini.

Mwandiko wangu ni mzuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikuwa katibu wa kanisa miaka ishirini, na barua zangu za kuhamisha washarika zilikuwa zinasomwa hata na watu wasiohama.

Miaka mitatu iliyopita nilianguka na pikipiki kwenye tope la barabara ya Ihanda, mguu ukaunga vibaya. Njia ya kwenda kijitoni ni mteremko wa kushukia kwa makalio hata ukiwa na miguu miwili mizima. Nikawa nimekaa kibarazani nawaza nitaandika vipi barua ya kuacha kazi, Ruti akapita na kikapu, chupa zangu ziko ndani, nimeshaziandika jina langu.

“Unakwenda wapi na mali ya serikali?” nikamuuliza.

“Kuijaza,” akasema. “Au inajijaza?”

Nikampa maelekezo. Jaza mpaka juu, usiache hewa, funga kifuniko chupa ikiwa bado majini. Akarudi na chupa zimejaa, hakuna hata povu la hewa. Nikachukua kalamu, nikaandika saa chini ya jina langu kama kawaida, nikatia sahihi karatasi. Sikuona ubaya wowote. Mume na mke ni mwili mmoja, na kati yetu mwandiko ni mmoja.

Sasa, mwaka huohuo Gibson, mwenyekiti wa chama, alichimba mashimo matatu makubwa nyuma ya mtambo ili maji ya maganda yazame ardhini yasiingie kijitoni. Majibu ya vipimo yakaja. Kabla ya hapo chupa ya chini ilikuwa inatutia aibu kila msimu. Sasa ilikuwa safi kama ya juu. Gibson alifurahi mpaka akanichinjia jogoo. Chama kikapewa cheti, kikatundikwa ukutani ofisini juu ya mizani, na tangu hapo kila mgeni akifika anaonyeshwa kile cheti kabla hajaonyeshwa kiti.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Ferista, jirani yetu wa bondeni, anakaa chini ya nguzo ya njano. Mjane, ana ng'ombe wawili, na kwenye kwaya tangu ujana alikuwa anasimama bega kwa bega na Ruti kwenye sauti ya pili. Msimu wa kahawa uliofuata alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema maji yananuka, ng'ombe wanayakataa, na ngozi inamwasha akioga. Gibson akanitazama mimi. Nikasimama na fimbo yangu, na kwa kuwa watu walikuwa wengi nikataka kusema kitu kitakachokumbukwa.

“Ferista,” nikasema, “pua inaweza kuwa na ugomvi na mtu. Chupa haina ugomvi.”

Watu walicheka sana. Ferista alinitazama kidogo, akakaa. Jumapili iliyofuata alihamia upande wa pili wa mstari, mbali na Ruti, na hajarudi. Ruti hakunilaumu. Alisema tu kwamba sauti ya pili imekuwa nyembamba.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma yetu mkaguzi alipofika. Nilitegemea mwanaume mwenye tumbo na miwani. Akashuka binti wa miaka thelathini hivi, buti zimejaa tope hadi kwenye vifundo, begi mgongoni. Alikuwa ameanza kazi tangu asubuhi kabla ya kuja kwangu.

“Shikamoo baba. Naitwa Atupele.”

“Marahaba,” nikasema, kwa sauti ya kumwonyesha kwamba sijafurahi.

Ruti alimkaribisha kiti. Mtungini mlikuwa na maji tele, mimi mwenyewe nilikuwa nimeyanywa. Lakini Ruti alichukua ndoo akatoka, akapandisha njia ya chemchemi, juu kabisa, kupita nyumba zote na mifugo yote. Ndiyo kawaida yake, na ndivyo alivyolelewa. Mgeni hapewi maji yaliyolala, wala maji ambayo mtu mwingine ameshayapitia. Tulimngoja nusu saa nzima mimi na mkaguzi, tukiangalia kuku. Alipoletewa kikombe, Atupele alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akanywa chote.

“Ndaga, mama,” akashukuru kwa lugha ya kwao.

Ruti akatabasamu mpaka nikaona wivu. “Wewe ni wa wapi?”

“Itumba, Ileje. Mama yangu naye ni hivyohivyo. Ukifika kwetu unakufa na kiu ukisubiri maji ya heshima.”

Wakacheka wote wawili. Nikaona hasira yangu ya siku tatu inaanza kuharibika kabla sijaitumia.

“Baba,” Atupele akaanza, akafungua makaratasi, “mimi sikukagui wewe. Nakagua wanaokukagua. Kuna ofisi zinaandika kila mwaka kwamba zinavisimamia vijito vya mkoa huu. Nimetumwa kuangalia kama ni kweli, na mimi si mtu wao.”

“Basi chupa zangu zina kosa gani?”

Akaniwekea karatasi mapajani. Ilikuwa na mistari miwili, mmoja wa chupa za juu na mmoja wa chupa za chini. Miaka miwili ya mwanzo mistari ilikuwa inaachana kila ifikapo msimu wa kahawa. Halafu, kuanzia mwezi niliovunjika mguu, ilishikana ikatembea pamoja mpaka mwisho wa karatasi, kama maksai wa jembe moja.

“Ni mashimo ya Gibson hayo,” nikasema kwa fahari.

“Nimetoka kuyaona asubuhi hii. Yamejaa, baba. Maji yanapita juu yake yanakwenda kijitoni. Kwa nyasi zilivyoota pembeni, si ya mwaka huu tu.” Alishusha sauti. “Julai mtambo unamenya mchana kutwa, halafu chupa ya chini inakuwa safi kuliko mvua. Ama chupa zote mbili zinajazwa mahali pamoja, ama kuna mtu ameombwa azijaze hivyo.”

Hapo ndipo hasira ilipata kazi. Nilisimama, fimbo ikaanguka, nikamwambia kwamba nilikuwa katibu wa kanisa tangu yeye hajaota meno, kwamba sijawahi kula cha mtu, na kwamba yule jogoo alikuwa wa furaha wala hakuwa wa kitu kingine chochote. Nilisema mengi. Atupele aliokota fimbo, akanipa.

“Ndiyo maana nimekuja kuuliza, baba. Bado sijaandika. Nani huwa anashuka kujaza?”

Nikafungua mdomo kusema ni mimi. Ndivyo karatasi zote zilivyosema, mwandiko mzuri, miaka mitatu.

“Ni mimi,” akasema Ruti kutoka mlangoni.

“Basi mama, tuchukue kikapu chako twende, ufanye kama unavyofanya siku zote.”

Niliwafuata. Ruti alinikataza, nami nikakataa kukatazwa. Mbele ya nyumba ya mwisho njia inagawanyika; ya kulia inashuka mtamboni na kwenye nguzo ya njano, ya kushoto inapanda chemchemi. Ruti, kikapu kichwani, akakata kushoto bila hata kupunguza mwendo.

“Ruti,” nikaita, “kijito kiko huku.”

“Najua kilipo.”

“Na nguzo je?”

“Najua na nguzo ilipo, Baba Judith.” Judith ni binti yetu mkubwa. Ruti akiniita hivyo kwa utaratibu ule, ujue ameshaamua jambo.

Alifika chemchemini, akakunja kitenge, akapiga magoti kwenye jiwe, akazamisha chupa ya kwanza, akaifunga ndani ya maji kama nilivyomfundisha. Kisha ya pili, palepale. Alifanya vizuri sana. Atupele alisimama pembeni, hakuandika kitu.

“Mama,” akauliza polepole, “hii ya pili si inatakiwa itoke kule chini?”

“Kule chini kunanuka, mwanangu.”

“Ndiyo, ila wanataka kupima huko kunakonuka.”

Ruti alijipangusa mikono. Alikuwa ananitazama mimi, si mkaguzi.

“Siku ya kwanza nilikwenda mpaka kwenye nguzo. Nikajaza. Maji yalikuwa ya kahawia, yana povu, yananuka kama pombe iliyochacha. Nikaisoma chupa. Nasoma polepole lakini nasoma. Imeandikwa Boazi Nzunda. Nikasema, huyu mtu amelala nyumbani na mguu umefungwa mbao, na mimi mkewe nipeleke kwa watu wakubwa uchafu wenye jina lake? Wafungue huko mbele za watu, waseme Nzunda katuletea nini? Nikamwaga. Nikapanda huku.”

“Lakini nilikuambia mahali pa kujaza,” nikasema.

“Uliniambia nisiache hewa.”

Nikajaribu kukumbuka. Nilikuwa nimemwambia habari za hewa, kifuniko na saa. Nguzo niliitaja, nadhani, lakini kwa nini nguzo ipo, kwa nini mtu mwenye akili zake asafirishe maji machafu kwa bodaboda hadi mjini, hilo sikumweleza. Nilidhani anajua. Kwa mwanamke ambaye hampi mgeni maji ya jana, nilikuwa nimemtwisha kazi ya kupeleka matope kwa niaba ya mumewe, bila neno la maelezo.

Nilitaka kukasirika. Nilipekua moyoni nikakuta hasira haipo, kuna kitu kingine kimekaa mahali pake. Nampenda huyu mwanamke tangu akiwa na miaka kumi na tisa, na sijui kama nilishawahi kumpenda kama nilivyompenda pale juu ya jiwe, ameharibu takwimu za mkoa mzima kwa kulinda jina langu.

Atupele aliomba tushuke kwenye nguzo. Ilituchukua muda mrefu. Sehemu nyingine nilishuka kwa makalio, sina cha kuficha. Harufu ilitupokea kabla ya kijito. Nilikuwa sijafika pale miaka mitatu. Povu lilikuwa limeshika kwenye mawe, na maji yalikuwa na rangi ile aliyoisema Ruti. Ng'ambo, pale ng'ombe wa Ferista walipokuwa wananywea, nyasi zilikuwa zimeota mpaka kiunoni. Pembeni kulikuwa na njia mpya, nyembamba, inapanda mlima kuelekea kisima cha kitongoji kingine. Mtu mmoja mwenye ndoo ndiye aliyeichonga, kwa kwenda na kurudi.

Nikaitazama ile njia. Watu walicheka sana siku ile.

“Itabidi niandike,” Atupele akasema.

“Andika ni mimi,” Ruti akawahi. “Huyu hakujua.”

“Hapana,” nikasema. “Yeye hakuandika kitu. Mimi ndiye niliyetia sahihi kwamba nilisimama hapa, mara mbili kwa mwezi, miaka mitatu. Andika hivyo.”

Atupele alivunja kalamu yake ya risasi akichonga ncha, au alijifanya anachonga.

“Nitaandika yaliyopo, baba. Ila mjue, hayo yenu yatakuwa sentensi tatu. Kurasa zitakuwa za wengine. Ofisi nne zimeyasoma haya majibu miaka mitatu. Hakuna hata moja iliyojiuliza mbona mtambo wa kahawa hautoi uchafu, na hakuna mtu aliyeshuka hapa kunusa. Cheti kilitolewa na mtu ambaye hajakanyaga hili jiwe.”

Kwa maneno mengine, usimamizi wote wa Mkwenzi ulikuwa umeegemea adabu za mke wangu. Nilimwambia hivyo Atupele, akacheka, kisha akasema hilo hataliandika, ingawa angependa.

Alipoondoka, Ruti alimfungia maparachichi na maharage ya kumtosha mwezi. Atupele alikataa, akasema mkaguzi hapokei kitu. Ruti alinuna kama mtoto. Mwishowe wakakubaliana kikombe kingine cha maji, na Ruti akapanda tena chemchemini.

Jioni ileile nilikwenda kwa Ferista. Alikuwa uani anapura maharage, hakuinua kichwa.

“Ferista, nimekuja kukuambia kwamba pua yako ilikuwa inasema kweli.”

Aliendelea kupura. Nilisimama na mguu wangu mbovu, hakunipa kiti, na alikuwa na haki.

“Uliyasema wapi yale maneno, Boazi?”

“Mkutanoni.”

“Basi unajua pa kuyarudishia.”

Nilirudi nyumbani, na nikiri kwamba usiku sikupata usingizi mzuri. Kumwomba radhi mtu mmoja uani kwake ni jambo moja. Kusimama mbele ya kijiji kizima na kumwambia Gibson ashushe cheti ukutani, na wewe ndiye uliyekula jogoo wake, ni jambo lingine. Nilimwambia Ruti labda niandike barua, isomwe na mwenyekiti wa kijiji.

“Kwa ule mwandiko mzuri?” akauliza gizani.

Nikageukia ukutani.

Alhamisi, kwenye mkutano wa kijiji, nikasimama. Nilisema chupa zilijazwa mahali pasipo penyewe, na aliyetia sahihi ni mimi. Nilisema mashimo ya mtambo yamejaa na kila mwenye miguu anaweza kwenda kuyaona. Halafu nikageukia alikokaa Ferista nikasema, “Mwaka juzi niliwafanya watu wakucheke hapa. Ulikuwa unasema kweli, nami nilikuwa nasema uongo bila kujua, kwa sababu sikushuka kuangalia. Nisamehe.” Hakuna aliyecheka. Gibson aliinama muda mrefu akitazama kofia yake mikononi.

“Boazi, umeniua,” akasema.

“Sijakuua. Nimesema mashimo yamejaa.”

“Niliyaona mwaka jana,” akasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba wa nyuma waliuliza amesema nini. “Lakini majibu yalikuwa mazuri. Nikasema basi, labda udongo wetu ni mzuri.” Akainuka akaenda zake. Kesho yake cheti hakikuwepo juu ya mizani, na kufikia Jumatatu vijana wa chama walikuwa wanazoa tope mashimoni.

Jumapili, wakati kwaya inajipanga, Ferista alikuja akasimama pembeni ya Ruti, akamsukuma kidogo kwa kiwiko asogee. Wimbo wa kwanza nilikosea maneno.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya chupa. Nilishuka na Ruti mpaka kwenye nguzo ya njano, yeye mbele, mimi nyuma kwa njia yangu ya makalio. Maji yalikuwa bado mabaya. Mashimo hayafanyi miujiza kwa siku tano. Alipiga magoti akajaza, akafunga chupa ndani ya maji, akaitoa. Ilikuwa ya kahawia. Aliishika mbali na nguo yake, uso ameukunja.

Nikatoa kalamu. “Leo naandika jina lako,” nikamwambia. “Anayejaza ndiye anayeandikwa. Ndiyo sheria, na ningeifuata tangu mwanzo tusingefika huku.”

Aliitazama chupa, akanitazama.

“Yananuka, Baba Judith.”

“Yananuka.”

“Na jina langu liwe juu yake. Wakaisome huko mjini.”

“Ndiyo, mama.”

Nilijua ninachomwomba ni kikubwa kuliko nilichofanya mimi mkutanoni, maana mimi nilikuwa narudisha kosa langu, na yeye hakuwa na kosa. Kisha akashika ncha ya kitenge chake akaifuta chupa nje, mara ya kwanza, akaigeuza, akaifuta tena mpaka kioo kikang'aa na uchafu ukabaki ndani tu. Akanipa kwa mikono miwili, kama anavyompa mgeni.

“Basi andika vizuri,” akasema. “Ule mwandiko wa barua za kanisa.”

Nikaegemea nguzo, nikaandika Ruti Nzunda, herufi moja baada ya nyingine, naye amesimama begani kwangu anazisoma.